Mizinga Niliyokuachia

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefika salama, ila kiuno changu kimefika kesho yake. Basi zima lilikuwa na kiti kimoja ambacho hakijavunjika, na mimi sikukipata.

Mama nimemkuta kitandani, goti limefungwa bendeji mpaka pajani, utadhani kagongwa na treni. Anasema hawezi hata kukanyaga chini. Nimemwogesha, nimembadilishia mashuka, nimempikia supu, na amekunywa bakuli mbili. Kumbe siku ile alipoteleza ngazini, tumbo halikuanguka naye.

Chumba chake ni hikihiki unachokijua, ghorofa ya pili, sakafu ya mbao, dirisha linalotazama karakana ya baiskeli. Simu haimtoki mkononi. Ukimpigia anageukia dirishani, nafikiri ndipo mtandao unaposhika, nami nabaki kuangalia kisogo chake bila kujua mnachekea nini. Kwa hiyo yangu mimi yaandike. Tangu ile homa ya utotoni masikio haya ni ya kuning'inizia hereni tu. Nikiuona mdomo wa mtu naelewa, nisipouona basi. Na ujumbe wa simu siupendi, unaisha kabla sijakaa kitako. Barua naweza kuirudia.

Sasa mizinga. Ni sita, nimekuachia yote kama Baba alivyoniachia mimi. Maji yawekee mawe madogo ndani ya beseni nyuki wapate pa kutua, la sivyo watazama. Nyuki wa mzinga wa ukutani ni wakali, usiufungue bila moshi. Mingine ukitaka kujua hali yao, weka kiganja juu ya mbao. Ukisikia mtetemo mmoja uliotulia, wako salama. Mtetemo ukipanda na kushuka kama mtu anayelia, malkia wao hayupo. Baba alinifundisha hivyo kwa sababu hakuona kazi nyingine ambayo kiganja kinatosha badala ya sikio.

Mwanao Pipi vipi kile kifua? Ile chupa ya asali niliyomwachia mpe kijiko asubuhi na jioni. Mwambie mama mkubwa wake amemkumbuka mpaka anaongea na mto.

Dada yako

15 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeisomea jikoni, viazi vikaungua, shemeji yako akanuna. Mwambie Mama apunguze supu, hicho kitanda kitavunjika.

Mizinga haijambo. Maji naweka, na mawe nimeweka. Kiganja pia nimeweka, nikatoka mbio, lakini mtetemo ulikuwa umetulia kama ulivyosema. Pipi hajambo, kifua kimepoa. Asali anakunywa.

Usiwe na haraka ya kurudi, dada. Mama ni mmoja, na goti la mtu mzima halitaki pupa. Huku tupo.

Nina ombi. Niandikie hawa nyuki wanaishije, tangu kuzaliwa mpaka kufa, nani anafanya nini humo ndani. Miaka yote hii mimi nimewaona kama wingu lenye miiba. Nikielewa nitaweza kukupa habari zao vizuri, usikae huko roho juu.

Shemeji yako anakusalimu. Anasema gari linasumbua gia lakini yeye hasumbui mtu.

Mdogo wako

26 Februari

Mdogo wangu,

Ombi lako limenitoa machozi, sikufichi. Miaka yote hii nimesubiri mmoja wenu aniulize.

Basi sikiliza. Mama wa wote ni malkia. Watu wanadhani anatawala, lakini hatawali lolote, anataga. Alianza kama yai lilelile la kibarua yeyote, isipokuwa alilishwa maziwa ya nyuki tangu mwanzo mpaka mwisho, akajengewa chumba kirefu peke yake. Baada ya kutoka huruka nje siku chache za ujana wake, hukutana na madume hewani, akirudi hashughuliki tena na mambo hayo. Kutaga tu, mchana na usiku, miaka.

Vibarua wote ni wanawake. Akizaliwa, kazi ya kwanza ni kusafisha kile chumba alichotokea. Akikomaa kidogo anakuwa yaya, analisha majana, yaani wale watoto weupe waliojikunja ndani ya sega. Kisha nta inamtoka tumboni, anakuwa fundi, anajenga. Halafu anasimama mlangoni kulinda. Mwisho wa yote ndipo anatoka kwenda kwenye maua. Huko anafanya kazi mpaka mabawa yanachanika kama pindo la kanga kuukuu, na wengi hufia njiani, hawarudi. Maisha yake wakati wa maua hayafiki miezi miwili. Hakuna anayemgawia kazi. Umri wake na njaa ya nyumba ndivyo vinavyomtuma.

Madume ni manene, macho makubwa, hayana mwiba, hayachumi, hayajengi. Yanakula na kungoja harusi. Msimu wa njaa vibarua wanayaburuta mlangoni na kuyatupa nje. Shemeji usimsomee sehemu hii.

Na malkia akichoka, vibarua wanalea mwingine kimyakimya. Mara nyingine wa zamani na mpya wanakaa pamoja kwa muda, halafu asubuhi moja unamkuta wa zamani kafa mlangoni.

Mama anaendelea vizuri polepole. Jana alijaribu kusimama akapiga kelele, nilimwona tu anavyofumba macho kwa maumivu. Nimemwambia asijaribu tena, niko hapa hata kwa mwaka.

Dada yako

18 Machi

Dada yangu,

Umeniandikia vizuri mno, nimemsomea mpaka shemeji yako, hata ile sehemu ya madume. Amesema mwaka huu atalala na mlango amefunga kwa ndani.

Habari za mizinga ni njema. Walinzi wamesimama milangoni kama ulivyosema. Mayaya wanalisha. Juma lililopita katika ule mzinga wa chini ya mpera nilimkuta malkia wa zamani amekufa mlangoni, nikasikitika, lakini wiki hii tayari kuna malkia mpya, ametaga, na watoto wake wameshaanza kuruka, mlango umejaa. Ukiwaona utafurahi. Kwa kweli wewe ni mwalimu, dada. Kijijini wala mjini hakuna mwenye mikono kama yako.

Nimekutumia chupa ya asali kwa dereva wa basi. Ni ya mzinga wa mpera. Mle na Mama.

Pipi anasema njoo. Mimi nasema kaa mpaka Mama apone kabisa.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Chupa imefika. Mama amelamba kijiko akainua macho juu kwa utamu. Mimi nimelamba, nikalamba tena, nikaenda kunawa mdomo.

Hii asali haikutoka kwenye mpera wetu. Yetu ina uchungu mdogo mwishoni, nyuma ya ulimi, kwa sababu ya yale maua ya kando ya reli. Hii ni tamu kama maji ya sukari yaliyochemshwa. Nimeigeuza chupa, inamwagika kama chai. Kama ulimwaga ya kwetu kwa bahati mbaya ukanunua nyingine, sema tu. Nitacheka.

Halafu huyo malkia. Malkia mpya hukaa zaidi ya nusu mwezi tangu yai mpaka atoke. Atoke, akomae, aruke, arudi, ndipo atage. Na mtoto wake wa kwanza atakaa wiki tatu ndani ya sega kabla hajauona mlango, na wiki nyingine mbili tatu ndani ya nyumba kabla hajaenda kwenye maua. Wewe umeyamaliza yote hayo kati ya Jumapili na Jumapili.

Labda ulichanganya mizinga. Ni rahisi kuchanganya. Nakuomba nenda ukaweke kiganja kwenye kila mmoja, uniandikie wa kwanza mpaka wa sita, mtetemo wake ukoje. Usinisifu. Nieleze tu.

Dada yako

9 Aprili

Dada yangu,

Nyuki wamehama. Tuliamka asubuhi tukakuta mizinga yote sita mitupu, asali imo, watoto wamo, wenyewe hawapo. Nadhani ni joto. Au moshi wa jalalani. Shemeji yako aliwatafuta mpaka ng'ambo ya reli.

Samahani sana. Nililia. Usirudi mbio kwa ajili hiyo, hakuna utakaloliokoa, na Mama anakuhitaji.

Mdogo wako

17 Aprili

Wewe,

Nyuki wanaojiandaa kuhama hula asali yao kwanza, na husubiri watoto watoke. Waliotishwa ghafla hukimbia na kuacha kila kitu, hiyo ni kweli, nimewahi kuiona. Lakini huo ni mzinga mmoja. Mizinga sita, yenye malkia sita wasiojuana, haikai kikao ikakubaliana siku.

Hata hivyo si hilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Jana nilikuwa napiga deki chumbani kwa Mama. Nimepiga magoti, viganja vyote viwili chini, nimempa kisogo. Nikasikia hatua. Nakuambia nilisikia, kwa viganja, kupitia zile mbao. Hatua za mtu mzima, nzito, zilizo sawa, mguu huu na mguu huu. Zilitoka kitandani zikaenda mezani, zikasimama, zikarudi kitandani. Sikugeuka. Nilibaki na tambara mkononi kama mjinga. Nilipogeuka Mama alikuwa amelala na bendeji yake, na chupa ya asali iliyokuwa mezani ilikuwa kwapani mwake.

Leo nimejifanya napiga deki tena. Ametembea tena. Ameenda mpaka dirishani.

Miezi miwili na nusu nambeba mwanamke huyu mgongoni kwenda msalani. Miezi miwili na nusu anasubiri nigeuke ndipo atembee, kwa sababu sitasikia.

Na zile simu za dirishani. Mtandao unashika kila mahali katika chumba hiki. Nimejaribu mwenyewe, vistari vyote vya mtandao vinawaka. Aligeuka ili nisiuone mdomo wake. Mlizungumza mbele yangu, nami nakunja mashuka pembeni yenu.

Mmefanya nini? Sitaki kilemba cha ukoka. Sitaki kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Andika.

Sijaweka sahihi kwa sababu sijui leo mimi ni nani wako.

25 Aprili

Dada yangu,

Naandika haraka kabla sijaghairi, utanisamehe mwandiko.

Ilikuwa Januari, siku ile uliyokwenda sokoni na mishumaa ya nta. Pipi alikuwa anacheza na beseni nyuma ya nyumba. Nyuki mmoja alimchoma shingoni. Mmoja tu, dada. Midomo ikavimba, macho yakafunga, akaanza kukoroma kama mtu mzima. Shemeji yako aliendesha gari kwenda hospitali huku mimi nampulizia mdomoni. Daktari alisema tumewahi kwa nukta chache, na akichomwa mara nyingine huenda tusimuwahi.

Uliporudi jioni tukakuambia ni kifua. Ukaleta asali ukamlisha kwa kijiko, ukimwimbia na sauti yako ile isiyojua kupanda wala kushuka, naye anacheka. Niliingia bafuni nikauma taulo.

Nilitaka kukuambia. Kila nilipokusogelea nilikukuta umelaza shavu kwenye mzinga, umefumba macho, na sura ya Baba imekujaa usoni. Nikashindwa. Nikampigia Mama. Mama kweli alikuwa ameteleza ngazini, lakini goti lilivimba siku tatu likaisha. Tukakubaliana uende ukamuuguze. Wiki uliyoondoka, shemeji yako na mwenzake mmoja waliziba milango kwa udongo jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi, wakamwaga petroli, wakawasha. Yote sita.

Kila nilichokuandikia baada ya hapo nilikitoa kwenye barua zako mwenyewe. Hukuwa na haja ya kunifundisha vizuri namna ile. Nilikuwa nasoma kuhusu mayaya na walinzi huku dirishani nauona ule weusi chini.

Nina mtoto mmoja, dada. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Mdogo wako

2 Juni

Mwanangu,

Fundi wa baiskeli hapo chini ndiye amenipa anwani hii. Kasema ulimwachia ukamwambia anipe nikiomba, na kwamba nisipoomba asinipe. Basi nimeomba.

Siku uliyoondoka nilikufuata mpaka ngazini kwa miguu yangu. Nilikuita. Nilikuita kwa nguvu mpaka majirani wakafungua milango. Nikasahau kwamba umenipa kisogo.

Mdogo wako anakula robo ya chakula chake. Anajilaumu yeye peke yake, na mimi sitaki kufa nimemwachia mzigo wangu. Yeye alitaka uambiwe. Alisema, "Mama, tumwambie, atawahamisha mwenyewe." Ni mimi niliyekataa. Nilihofia ungechukua muda kutafuta pa kuwapeleka, na mtoto yuko palepale. Nikamwambia, "Huyo hasikii. Ukitulia hatajua."

Neno hilo limetoka katika kinywa changu mimi niliyekuzaa. Nililisema nikiwa nimegeukia dirishani, na wewe ulikuwa huko nyumbani, hata hapakuwa na haja ya kugeuka. Nimezoea. Tangu ukiwa mdogo nimezoea kugeuka ninapotaka kukuficha jambo.

Goti langu ni zima. Niadhibu unavyotaka, ila jibu.

Mama yako

14 Juni

Mdogo wangu,

Barua zako zote tatu za mwezi uliopita ninazo. Sikuzijibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kinauma, nikakichana.

Hujui kwamba nilifika nyumbani. Nilitoka kwa Mama kabla barua yako ya kukiri haijafika. Fundi wa baiskeli alinitumia baadaye, pamoja na hizo tatu. Nilishuka kwenye basi mchana, nikapita njia ya reli, nikaingia kwa nyuma. Gari la shemeji lilikuwa limeegeshwa palepale ilipokuwa mizinga. Kwenye magurudumu kulikuwa na masizi.

Pipi alikuwa amekaa kizingitini anamsugua mdoli meno kwa mswaki. Aliponiona hakukimbia wala hakuita. Alikuja mpaka mbele yangu akainua uso, kama nilivyomzoeza, ili niuone mdomo. Akasema, "Baba aliwachoma nyuki wako." Nikamuuliza aliona? Akasema alikuwa dirishani. Kisha akaniuliza, "Walilia kwa sauti kubwa sana, mama mkubwa. Hukusikia?"

Nilimwambia sikusikia. Nikambusu, nikaondoka njia niliyojia. Wewe ulikuwa jikoni, niliuona mgongo wako. Nilisimama pale kidogo nikitazama mtu anapokuwa amekupa kisogo unaweza kumfanya nini. Nikaona ni mengi sana.

Umeniuliza ningekuwa wewe ningefanya nini. Ningemchagua Pipi. Hata bila kukaa chini kufikiri. Ungeniambia siku ileile ningewapakia jioni hiyohiyo, milango imezibwa kwa nyasi, nikakodi mkokoteni, nikalala nao barabarani kama hapana budi. Mizinga ya Baba isingemzidi mtoto huyu kwangu. Hukuniibia nyuki tu. Umeniibia nafasi ya kumwokoa mtoto wetu kwa mkono wangu. Badala yake nilimlisha asali, nikamuimbia, nikaenda kubeba mtu mzima asiyeumwa. Nyote mliniona nafanya hivyo, mkanisifu.

Mama ameandika kwamba ulitaka niambiwe. Nimefurahi kulijua hilo, na limeniuma upya, maana ulijua lililo sawa ukakubali kukatazwa. Yeye bado sijamjibu. Kila nikianza, nikifika kwenye lile neno "hatajua" kalamu inasimama.

Niko kwenye shamba la matunda. Mwenye shamba ni mjane mmoja mkali, hana simile, ila akisema nami anatua ndoo kwanza ananigeukia. Amenipa mizinga minne. Mmoja hauna malkia, nimeujua kwa kiganja siku ya kwanza. Nimewapa sega lenye mayai kutoka mzinga wa pili, na wameanza kumjengea mtoto mmoja chumba kirefu. Nyumbani sirudi kukaa. Usinililie, nimeshamaliza kulia kwa ajili yetu sote wawili.

Pipi usimlete huku, kuna nyuki. Nitamfuata mimi, na nitaoga na kubadili nguo kabla sijamgusa. Nimemuuliza daktari wa huku, anasema kuna sindano ambayo familia inakaa nayo nyumbani kwa mtoto wa namna hiyo. Nenda kaulize hospitali leo, usingoje Jumatatu.

Wavu wangu wa usoni na bomba la moshi vipo juu ya kabati, kama navyo havikuchomwa. Usimpe shemeji avilete. Usimpe dereva wa basi. Vilete wewe mwenyewe. Ukifika hapa getini usianze kusema njiani wala ukiwa umeinamisha kichwa. Nisubiri nitoke. Simama penye mwanga, niuone mdomo wako.

Dada yako